Ujira wa saa viwandani Mwanza: unahesabiwaje, na unasema nini kuhusu uchumi?

Takwimu_Nyakato: Habari wakuu. Nalinganisha ujira wa saa kwenye viwanda vya minofu ya sangara na pamba hapa Mwanza. Ninazo orodha za mishahara za mwezi. Mfano: msingi 210,000, posho ya usafiri 30,000, ovataimu 24,230. Nimejumlisha 264,230, nikagawa kwa siku 26 za saa 8 (yaani saa 208), nikapata shilingi 1,270. Njia ni sahihi? Na namba hii ikipanda mwaka hadi mwaka, ndiyo kusema uchumi unakua?

Mhasibu_Igogo: Mkuu, hiyo 208 iache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina wiki ya saa 45, na mwezi ni wiki 4.333, hivyo saa 195. Msingi wako ni 1,077 kwa saa. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, yaani 1,615, kwa hiyo 24,230 ni saa 15. Saa hizo nazo ziingize kwenye kigawanyo: 264,230 gawa kwa 210, unapata 1,258. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: pesa ya ovataimu inahesabiwa, saa zake zinasahauliwa.

Ukitaka gharama ya mwajiri, ongeza NSSF (hifadhi ya jamii) 10%, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5% (kwa wenye wafanyakazi 10 na zaidi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%. Inafika 1,434. Chagua kipimo kimoja, kiandike juu ya jedwali, usikichanganye na kingine.

Mizani_Mwaloni: Hiyo ni kwa wa mshahara wa mwezi. Kibarua wa minofu anayelipwa kwa kilo, 195 haimhusu. Tuseme kilo ni shilingi 120. Samaki wakijaa, mkataji anatoa kilo 90 kwa saa 8: 10,800, sawa na 1,350 kwa saa. Ziwa likichafuka, boti zikarudi na samaki wachache, yuleyule anasimama mezani na buti zake za mpira mpaka jioni, kisu kimenolewa, na kilichopita kwenye mizani ni kilo 40. Anaondoka na 4,800, yaani 600 kwa saa. Bei ya kilo haijaguswa!

Kwa hiyo omba daftari la getini, la kuingia na kutoka, si la mizani peke yake. Kusubiri samaki ni kazi. Kwenye dagaa, pima mwezi mzima, maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa hawaingii ziwani, na wiki hiyo itakupotosha.

Uchumi_Kanda_ya_Ziwa: Swali la pili: peke yake haitoshi. Kima cha chini cha biashara na viwanda kilikuwa 115,000 tangu Julai 2013. Agizo lililoanza Januari 2023 likakifikisha 150,000. Ni nyongeza ya 30%. Lakini weka mfumuko wa bei wa 4% tu kwa mwaka kwa miaka hiyo tisa na nusu, utaona ilihitajika karibu 167,000 kununua vitu vilevile. Namba ilipanda, kikapu kikapungua.

Halafu wastani hupanda hata kwa msiba. Aprili 2020 Marekani ilipoteza ajira zaidi ya milioni 20, na wastani wa ujira wa saa ukaruka mwezi uleule, kwa sababu walioondolewa wengi walikuwa wa kipato cha chini. Kiwanda cha Nyakato kikiachisha vibarua 60 na kubaki na mafundi, utaona hivyohivyo. Kando ya ujira weka idadi ya watu na jumla ya saa, kila mara.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni gharama ya kazi kwa kilo. Saa ya 1,434 ikitoa kilo 10, ni 143 kwa kilo. Ujira ukifika 1,700, lakini barafu ya kutosha na umeme usiokatika vikaleta kilo 14, gharama inashuka hadi 121. Mfanyakazi kapata zaidi na kiwanda hakijaumia. Huko ndiko kukua.

Takwimu_Nyakato: Asanteni sana. Na kulinganisha na nchi nyingine?

Uchumi_Kanda_ya_Ziwa: Usitumie bei ya dola ya siku moja, tumia wastani wa mwaka, na pembeni weka uwezo wa kununua wa shilingi. Ukikutana na majedwali ya gharama za kazi kwa saa ya nchi za nje, mengi yanajumlisha na michango ya mwajiri. Hapo peleka 1,434, si 1,077.