Ushauri: Peugeot 404 ya marehemu baba imelala bandani tangu 1996, naanzia wapi bila kuiharibu?

mwanakihamba

Habari za jioni wakuu.

Nina jambo limenikaa moyoni na nahitaji watu waliowahi kushika magari ya zamani kwa mikono yao.

Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huku kwetu Machame. Mwaka 1974 alinunua Pijo 404 ya mkononi, modeli ya 1968, rangi ya maziwa, gia ya usukani. Ndiyo iliyompeleka mama hospitali ya KCMC usiku niliozaliwa. Imebeba mahindi, wagonjwa na maharusi wa kijiji kizima mpaka baba alipoanza kuumwa. Agosti 1996 aliiingiza mwenyewe kwenye banda la kahawa ya maganda, akafunga mlango, na haijatoka tena.

Juzi tulikaa kikao cha familia. Kaka mkubwa anataka banda livunjwe na gari wapewe wanunuzi wa chuma chakavu, maana wanapita kila wiki na mizani yao. Mama ana miaka 81, kikaoni hakusema neno. Jioni nikimsaidia kukoka moto akaniambia, "Hiyo gari baba yako aliifuta vumbi kila Jumamosi mpaka mikono ilipokataa." Hakuongeza kitu. Kesho yake nikamwomba kaka anipe muda mpaka Krismasi.

Hali ilivyo: matairi yote manne yamelala chini. Kuku wamekuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Panya wamejaza majani makavu ya migomba chini ya boneti. Bodi kwa juu ni nzima kuliko nilivyotegemea, vumbi limeganda kama ngozi, ila huku kwetu unyevu ni mwingi na sakafu ya banda ni udongo, kwa hiyo chini sijui. Ufunguo ninao. Rafiki yangu mwenye pikapu amejitolea Jumamosi tufunge betri mpya, ikigoma aiburute barabarani nikiwa nimeweka gia ya pili mpaka iwake.

Nifanye hivyo? Au naanzia wapi? Pesa ninayo kidogo, muda ninao wikiendi tu.

fundi_mstaafu

Mdogo wangu, pole na msiba hata kama ni wa miaka mingi. Nakuomba sana, mwambie rafiki yako abaki nyumbani Jumamosi. Betri rudisha dukani.

Nimefanya kazi gereji miaka 38, na injini nyingi za magari yaliyolala hazikufa bandani. Zilikufa siku ya kwanza ya kuamshwa. Ringi za pistoni zinashikana na kuta za silinda kwa kutu nyepesi kabisa, kitu ambacho mafuta na uvumilivu vinakimaliza. Ukiburuta gari na gia imo, pikapu haijui hilo. Inavuta tu. Ringi zinakatika, au valvu iliyoganda inakunja fimbo inayoisukuma, na hapo unaanza kutafuta vipuri vya gari iliyoacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975.

Fanya hivi. Kabla ya kugusa spana yoyote, toa hayo majani ya panya. Yaloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, vaa barakoa na glavu, maana mkojo na kinyesi cha panya kikikauka kinaruka na vumbi na kinaleta magonjwa. Piga chini ya dashibodi kwa fimbo pia. Banda la miaka karibu 30 halikosi nyoka.

Sasa plagi. Kwenye 404 plagi zimezama ndani ya visima virefu juu ya injini. Visima hivyo vitakuwa vimejaa mchanga, maganda na viota vya nyigu. Ukifungua plagi kabla ya kuvisafisha, uchafu wote unaangukia kwenye silinda. Puliza kwa pampu ya baiskeli, futa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, puliza tena, mpaka uione plagi inang'aa chini kwa tochi. Ndipo ufungue.

Mimina kwenye kila silinda kijiko kikubwa cha mchanganyiko wa oili ya gia ya otomatiki na mafuta ya taa, nusu kwa nusu. Ziba kwa kitambaa safi. Ondoka. Rudi wikiendi ijayo, ongeza. Usijaribu kuzungusha kitu kabla ya wiki mbili. Ukianza, tumia handeli, ile ya kuingiza mbele chini ya bampa. 404 ina tundu lake. Mkono unahisi pale chuma kinapokataa, stata haihisi.

Wakati mafuta yanafanya kazi, lala chini ya gari na bisibisi. Gari hii haina chesisi, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Gongagonga chini ya milango yote minne, sakafu ya miguu, na pale jeki inapokaa. Bisibisi ikitoboa sehemu moja mbili, mchomeleaji mzuri atakata na kuweka bati jipya. Ikipita kama kwenye mkate mahali pote, rudi hapa tuongee ukweli kabla hujatumia shilingi.

chuma_na_jasho

Mkuu nisikilize na mimi, sina nia ya kukuvunja moyo. Niliokota Land Rover ya babu mwaka 2015 kwa mapenzi haya haya. Niliweka pesa za ada za watoto humo. Miaka mitatu ikawa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, mke wangu akawa anaanikia nguo. Mwishowe niliiuza kwa chini ya nilichotumia kwenye matairi na rangi tu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na rangi. Nilitaka watu waione inang'aa. Injini na breki nikaziacha za mwisho, na pesa ikaisha kabla ya mwisho kufika. Kwa hiyo kama ni lazima, weka kiasi kwenye karatasi, kiandike mbele ya mkeo, na kikifika hapo simama. Na rangi usiiguse.

Pia kuna watu watakushauri uweke injini ya Corolla ili iwe rahisi. Kwa gari ya biashara ningesema sawa. Kwa hii ya mzee, ukitoa injini yake sioni tena unaokoa nini.

pijo_nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Ndugu yangu, usiuze hiyo gari hata kidogo! Hiyo ndiyo ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mtu aliyekuwa akiishi kwenu Tanzania. Wazee wetu hawakuzinunua kwa urembo, walikuwa wameona zinatoka kwenye matope wakati zingine zimebaki.

Mimi nina 404 ya 1966, naitembeza, kwa hivyo nikuambie kitu ambacho makanika wengi wa leo hawajui. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Gari nyingine ndani ya difu zina gia mbili za chuma, krauni na pinioni. 404 saluni ina skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Ukimpelekea kijana wa gereji akakujazia oili ya kawaida ya difu, zile kali zenye salfa, salfa inakula shaba polepole. Hutasikia lolote mwaka wa kwanza. Kiwanda kilitaka oili yenye asili ya mbarika. Siyo ile nyonyo ya kupaka nywele, hapana, ni oili ya gia iliyotengenezwa hivyo. Ukifika kwa wauza oili waambie unataka ya gia za shaba, isiyo na salfa, na usikubali waseme "hii ni ile ile". Kwanza fungua nati ya chini, kinga kwenye sahani nyeupe, uangalie. Ukiona unga unaometa kama dhahabu, piga picha tuone.

Petroli: baba yako aliiacha na petroli yenye madini ya risasi. Iliondolewa Afrika yetu yote kusini mwa Sahara kufikia 2006, na watu watakutisha kwamba ya leo itaunguza valvu. Silinda hedi ya 404 ni ya alumini, valvu zake zinakalia pete ngumu zilizopachikwa. Yangu inakunywa petroli ya kawaida ya pampu bila shida. Ila iliyomo kwenye tangi sasa hivi imwage yote, itakuwa inanuka kama rangi ya mbao. Siku ya kuwasha tumia dumu dogo safi lenye mpira mpya, tangi lisubiri.

Vipuri visikutie hofu. Injini ya 504 ya petroli ilizaliwa kutoka kwa hii, na 504 zilikuwa matatu zetu za masafa marefu miaka mingi, mafundi wanaozijua bado wapo. Na Ufaransa kuna chama cha magari ya zamani ya Peugeot, L'Aventure Peugeot, kule Sochaux, wanauza vipuri.

dada_wa_mahakamani

Shikamooni wakubwa. Mimi sijui spana, najua karatasi. Kaka, hiyo gari kisheria bado ni ya marehemu. Kama mirathi haikufunguliwa, wewe huna mamlaka ya kuitengeneza wala kaka yako hana mamlaka ya kuiuza kwa kilo. Ukoo ukae, mteue msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao upelekwe mahakamani, kwa mirathi ya kimila ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ndiye atakayekwenda TRA kuhamisha umiliki.

Tafuta kadi ya gari sasa hivi. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, lakini ya miaka ya nyuma waulize TRA wenyewe kabla hujaanza. Ukiweka jasho lako lote humo halafu ndugu wakagombana, hakuna risiti ya gereji itakayokupa umiliki.

mwanakihamba

Wakuu, asanteni kwa kweli. Nimesoma kila neno mara mbili. Naleta mrejesho wa wikiendi tatu.

Pikapu niliikataa. Visima vya plagi vilikuwa kama fundi alivyosema. Kisima cha tatu kilikuwa na udongo wa nyigu mgumu kama tofali, niliuchokonoa kwa sindano ya kufumia nikiwa napuliza. Plagi zikatoka, tatu zimekauka rangi ya kahawia, ya nne ina kutu nyekundu kwenye ncha. Nikamimina mchanganyiko.

Chini ya gari: upande wa dereva bisibisi imepita sehemu mbili, sakafu ya abiria wa mbele tundu linatosha kiganja. Kwingine chuma kinalia vizuri. Nadhani baba alipaka oili chafu chini kabla ya kuiingiza, kuna gamba jeusi limebaki.

Oili ya difu ilitoka nyeusi, nzito, na harufu ambayo sikuitegemea, kama ya mbegu zilizokaangwa. Hakuna unga unaometa. Pijo_nakuru, nilikaa pale na sahani nikawaza kwamba mzee alijua.

Handeli haikuwepo kwenye buti. Nilitafuta siku nzima. Nikamuuliza mama. Akaingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa kitenge kilichofungwa mafundo mawili. Ndani kulikuwa na handeli, kadi ya gari, na funguo ya ziada. Alisema alivitoa garini mwaka uleule baba alipofariki, ili asije mtu akaiondoa gari yeye akiwa shambani. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, alisikia. Dada, kikao cha kumteua msimamizi ni Jumamosi ijayo na kaka ndiye aliyekiitisha.

Swali: nimejaribu handeli kwa upole, gia ikiwa huru, haiendi kabisa. Ni lazima injini, au klachi inaweza kuwa imeshika?

fundi_mstaafu

Gia ikiwa huru kweli, klachi hata ikishikana na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, haizuii injini kuzunguka. Hapo ni silinda, na mimi namshuku huyo mwenye plagi yenye kutu. Ongeza mafuta kwake pekee, subiri siku saba nyingine. Halafu usisukume upande mmoja. Peleka mbele kwa uzito wa mwili wako tu, achia, rudisha nyuma, achia. Unachotafuta ni msogeo wa unywele. Ukiupata siku hiyo, simama hapo hapo, mafuta yaingie kwenye huo ufa.

Ukifungua magurudumu, vumbi la breki usilipulize. Viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe kwenye mfuko uliofungwa.

mwanakihamba

Imesogea.

Jumapili baada ya misa. Mbele haikuenda, nyuma ikaenda kama upana wa kucha, nikaacha kama ulivyosema. Jana jioni nimerudi, mbele na nyuma, mbele na nyuma karibu saa nzima, mara ikalia "kwii" ndefu na handeli ikashuka robo mzunguko. Leo asubuhi imezunguka yote, mara mbili, nzito ila haina sehemu inayokwama. Mafuta mekundu ya kutu yalirukia ukutani kutoka kisima cha nne. Mama alikuwa ameletewa kigoda mlangoni mwa banda. Aliniambia baba alikuwa anashika handeli na kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi nyuma isimvunje. Nimebadilisha mshiko.

Naenda kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, halafu breki. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma kushoto imeganda kabisa, kuna namba zimechongwa juu yake. Nikizisafisha nitaziweka hapa kesho, pijo_nakuru niangalizie kama ni sawa na za 504.