Naomba ushauri: nguruwe wa mbegu kutoka mashamba matatu, nitakwepaje homa ya nguruwe?

Mfugaji_Mbozi: Wakuu, nina majike 8 na dume 1. Nataka kuongeza majike machanga 6: wawili Tunduma, wawili Vwawa, wawili Mlowo, wapakiwe gari moja la kukodi. Jirani naye anaomba dume langu likapandishe kwake. Naogopa homa ya nguruwe ya Afrika, tiba haina. Nikipima damu siku ya kununua si inatosha?

Kitalu7: Mkuu, hilo gari ndilo tatizo. Mmoja akiwa na ugonjwa, wote sita wamekutana nao kabla hawajafika kwako. Chukua wote shamba moja, hata kama mbegu si ile uliyoiota. Muuzaji muulize aliingiza nguruwe wapya lini mara ya mwisho na walitoka wapi. Waliotoka mnadani au kwa dalali, achana nao. Hujui walilala na nani. Na bei ikiporomoka ghafla eneo fulani, usifurahi. Vifo vikianza watu huuza haraka, na kirusi husafiri na hao wa bei poa.

Dkt_Zizi: Kipimo cha siku moja hakitoshi. Dalili hujitokeza kati ya siku 4 na 19 baada ya kuambukizwa, na aliyeambukizwa jana anaweza kuonekana safi kwenye kipimo cha leo. Watenge siku 30 kwenye banda la mbali, lisilotiririsha maji kuelekea la zamani. Ndoo, koleo na mabuti yake yabaki hukohuko, na mhudumu aanze na wa zamani, wapya wawe wa mwisho. Pima joto kila asubuhi kwa njia ya haja kubwa: likipita nyuzi 40.5, mwite daktari wa mifugo achukue damu kwenye kichupa cha EDTA (chenye dawa ya kuzuia damu isigande) ipelekwe TVLA, maabara ya serikali ya mifugo. Usichinje kuwahi hasara. Damu ikimwagika umeshasambaza, na nyama iliyogandishwa hukaa na kirusi kwa miezi. Ukiongeza hata mmoja siku ya 20, hesabu inaanza upya kwa wote.

Mfugaji_Mbozi: Nimekuelewa daktari. Gari je? Limezoea kupeleka nguruwe machinjioni.

Kitalu7: Likoshwe kabla ya kupakia, si baada. Ondoa kinyesi na matandiko yote, sugua kwa sabuni, suuza, liache lichuruzike, ndipo upulize dawa. Jiki ya asilimia 3.5: sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ibaki imelowa dakika 30. Wengi humwaga jiki juu ya kinyesi. Uchafu unaimaliza nguvu na kirusi kinabaki chini yake. Msisahau matairi, na mabuti ya dereva. Tena dereva asikanyage bandani kwako kabisa, ashushie getini.

Mama_Banda: Dume usilitoe, ndugu yangu. Likirudi ni sawa na nguruwe mgeni, nalo litengwe siku 30, kwa hiyo hutapandisha mwezi mzima. Wala jirani asilete jike lake kwako.

Mfugaji_Mbozi: Basi apandishe kwa mrija, yaani mbegu za dume ziingizwe bila dume kupanda?

Dkt_Zizi: Ni nafuu, ila kirusi hupita hata kwenye mbegu za dume, kwa hiyo dume linalotoa liwe limepimwa. Kuhusu hao sita, kata kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo wa wilaya wanakotoka, na umuulize kama kuna karantini njiani. Ikiwepo, subiri ifunguliwe.

Mfugaji_Mbozi: Sawa. Nachukua wote sita Vwawa, najenga banda la kutengea kwanza.