Tupeane uzoefu: skrubu za fanicha zinazolegea kila ukizikaza

Miguu4
Wakuu, meza ya chakula imekazwa juzijuzi tu, leo ukiiegemea inayumba. Kiti nacho kinalia kila mtu akikaa. Jibu la "ita fundi" nimeshalisikia. Nataka waliopambana na kitu hiki waseme: kwako sababu ilikuwa nini, na ulifanya nini hadi ikatulia?

MzeeRanda
Useremala ndio umenilea, na malalamiko haya hayaishi. Watu huilaumu skrubu wakati mara nyingi haina kosa. Mbao ndiyo inayotembea. Ikivuta unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, tena kwa upana, kwa sababu urefu wake karibu haubadiliki. Uso wa meza wenye upana wa mita moja unaweza kupishana milimita kadhaa kati ya kipindi cha mvua na cha kiangazi. Chuma hakifuati mwendo huo. Kwa hiyo mbao ikivimba inajibana kwenye hesi za skrubu (ile mizunguko yake yenye makali) na nyuzi za mbao zinapondeka, ikisinyaa pale palipopondeka panabaki wazi. Misimu ikirudia hivyo, tundu linapwaya bila mtu kuligusa.

Ndiyo maana uso wa meza ya mbao halisi haufungwi moja kwa moja kwenye fremu. Kwenye fremu toboa tundu refu kidogo, lielekee upande ambao mbao inatanukia, weka washa pana (kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha skrubu), halafu kaza kiasi cha kushika tu. Uso utajivuta na kurudi, skrubu itabaki salama.

MamaWatatu
Asante mzee. Kwangu ni kabati la chipbodi, skrubu za bawaba zilikuwa zinazunguka tu hazishiki. Jirani alinionyesha: chovya vijiti vya meno kwenye gundi ya mbao, jaza tundu, acha ikauke usiku kucha, kata vilivyochomoza, rudisha skrubu. Mlango umetulia hadi leo, na wanangu wanauning'inia kama kawaida yao.

MzeeRanda
Vijiti vinafaa, dada, ila kwa mlango mzito wa chipbodi ninaona kuna njia bora. Panua tundu hadi milimita 8, gongea kijiti cha mviringo cha mbao ngumu cha unene huohuo chenye gundi, kikikauka toboa upya tundu jembamba. Na angalia usitokeze upande wa pili.

NyundoMoja
Mimi dawa yangu msumari. Nagongelea pembeni, biashara imeisha.

KakaBisibisi
Imeisha kweli, maana mbao ikishapasuka huna tena pa kufunga kitu 😂

Nirudi kwenye mada. Mashine ya kukazia imeharibu fanicha nyingi kuliko unyevu, huo ndio msimamo wangu. Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, ukipitiliza robo mzunguko tu tundu linasagika. Mizunguko ya mwisho imalizie kwa mkono. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukirudisha skrubu kwenye tundu la zamani, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie inadondoka kidogo. Hapo hesi imeingia kwenye njia yake ya awali, sasa kaza. Ukianza kukaza moja kwa moja unachonga njia mpya juu ya ile ya zamani, na kila ukifungua na kufunga tundu linazidi kuchoka.

RafuYaVitabu
Naongezea kilichonifundisha mengi. Rafu yetu ilikazwa na kulegea, ikakazwa na kulegea. Ukiisukuma kwa ubavu inajikunja kuwa msambamba, na kila inapofanya hivyo skrubu zinapindishwa ndani ya matundu. Tulipoipigilia plaiwudi nyepesi mgongoni, pembe nne zote, mchezo uliisha. Skrubu ni zilezile. Tangu hapo kitu kikiyumba naangalia kwanza kama kina mgongo, au mbao ya mshazari, au vipande vya pembetatu kwenye kona. Pia kuhamisha fanicha kwa kuiburuta ni kuipindisha vilevile. Inyanyueni.

ChumaTupu
Kwa vitanda na viti vya chuma habari ni nyingine. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti zaidi ni mtikisiko wa pembeni: vipande viwili vikiteleza, bolti inajifungua yenyewe kidogokidogo. Washa za springi, ambazo kila mtu anazitegemea, hazisaidii sana hapo. Weka nati zenye pete ya nailoni ndani, au gundi ya hesi ya rangi ya buluu, hiyo unaweza kuifungua baadaye kwa spana. Nyekundu inahitaji moto kufunguka, iache. Gundi hizo ni za chuma kwa chuma, kwenye mbao hazina kazi.

Miguu4
Nimechungulia chini ya meza: uso umefungwa moja kwa moja, hakuna tundu refu hata moja. Na hicho kiti?

MzeeRanda
Kiti hicho kifungue bolti zote zilegee, kiweke sakafu iliyo sawa, kaza kila moja kidogokidogo kwa zamu, kisha mizunguko ya mwisho. Ukikaza mguu mmoja hadi mwisho kabla ya mingine, kiti kinakaa kwa mvutano, na mvutano huo ndio unaolia. Rudia kukaza baada ya wiki chache, mbao mpya huwa bado inatulia.

MamaWatatu
Swali: hiyo gundi ndani ya tundu, tukihama skrubu zitatoka?

KakaBisibisi
Gundi nyeupe ya mbao zitatoka, haishiki chuma vizuri, na kwa ile njia ya vijiti imeshakauka kabla skrubu haijaingia. Epoksi ndiyo ya kuogopa. Ukiitumia, pakaza skrubu nta kabla ya kuiingiza, baadaye itazunguka na kutoka.