Tupeane uzoefu: Ulisomaje utawala linganishi wa umma kwa ajili ya usaili?

Nyasa_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kuna waliopita usaili wa Afisa Tawala, Afisa Utumishi, Afisa Tarafa na Mtendaji wa Kata, na tupo sisi tunaosubiri majina ya kuitwa yatoke. Nyuzi za maswali ya usaili ni nyingi na zote zinazunguka palepale: Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, Kanuni za Kudumu, muundo wa halmashauri. Utawala linganishi, yaani kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyoendesha ofisi zao za umma, watu wanauruka kwa kuona ni mambo ya darasani tu. Kisha linakuja swali la kulinganisha serikali za mitaa za Tanzania na za jirani yeyote, mtu anajaza ukurasa wa Tanzania, anajaza ukurasa wa Kenya, anakabidhi karatasi bila kulinganisha chochote.

Naomba kila aliyelisoma somo hili kwa ajili ya usaili atueleze lilimwingiaje. Orodha za vitabu tunazo. Tunataka njia uliyopita.

Naanza mimi. Lilinikaa sawa nilipoacha kusoma nchi moja moja nikaanza kusoma taasisi moja katika nchi kadhaa. Nilichagua mamlaka za mapato. Uganda ilianzisha URA 1991, Kenya ikaanzisha KRA 1995, TRA yetu ikaanza kazi Julai 1996. Majirani watatu ndani ya miaka mitano na wazo lilelile: kutoa ukusanyaji wa kodi ndani ya wizara na kuupa chombo chenye bodi yake, mishahara yake na uhuru wa kuajiri. Nikajiuliza, kwa nini wote, na kwa nini wakati ule? Jibu liko miaka ya 1980: hazina zilikuwa hoi, mshahara wa mtumishi haufiki katikati ya mwezi, wafadhili na IMF wana masharti yao. Ukimaliza hapo unageukia tofauti. Uganda ilikuwa inatoka vitani, Kenya ina viwanda na sekta rasmi kubwa zaidi, sisi tunatoka kwenye uchumi wa mashirika ya umma. Chombo kimoja, mazingira matatu. Hapo tayari una jibu la mtihani.

Karibuni.

Binti_Masjala

Asante kwa uzi huu kaka.

Mimi kwenye mafunzo kwa vitendo nilipangiwa masjala ya halmashauri moja, nikasononeka, maana wenzangu walipelekwa utumishi na mipango. Kumbe mama aliyekuwa anasimamia masjala ile ndiye angenifundisha Weber, yule Mjerumani wa nadharia ya urasimu, bila hata kumtaja jina. Barua ikiingia inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inatobolewa na kufungwa kwenye jalada lake, kisha inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu pembeni juu. Jalada likitoka, lazima iandikwe limeenda kwa nani na tarehe gani. Ofisa naye haamui kwa mdomo. Anaandika dokezo, anataja folio, anasaini, analipandisha kwa mkubwa wake. Akihamishwa leo, anayekuja kesho anafungua jalada na kuendelea pale mwenzake alipoishia.

Usiku nikifungua daftari nakuta ndiyo yale ya Max Weber: ngazi za madaraka, kanuni zilizoandikwa, kumbukumbu, ofisi kutenganishwa na mtu anayeikalia.

Lakini palepale niliona na upande wa pili. Ukutani palikuwa na mkataba wa huduma kwa mteja, umeandikwa vizuri kabisa barua inajibiwa ndani ya siku ngapi. Chini yake, kwenye benchi, alikuwa anakaa mzee anayefuatilia kiwanja chake. Jalada lake halikupotea. Lilikuwa mezani kwa mtu, na kila akija anaambiwa rudi wiki ijayo. Wenye ndugu ndani walikuwa wanapata majibu kwa simu.

Ndipo nikamwelewa Fred Riggs, msomi wa Kimarekani wa utawala linganishi. Yeye alifanya utafiti Thailand na Ufilipino, na 1964 akaeleza jamii alizozifananisha na mwanga ukiwa bado ndani ya prizimu, kile kioo kinachotenganisha rangi za mwanga: umeingia mweupe na rangi hazijatengana. Alizipa sifa tatu. Ya kale na ya kisasa yanakaa pamoja, sheria ya kwenye karatasi haifanani na inayotendeka, na kazi ya ofisi inaingiliana na undugu, dini na siasa. Zote tatu nilikuwa nimezikariri, na zote tatu zilikuwa pale kwenye benchi.

Kwenye usaili nilieleza hayo kwa ufupi bila kutaja ofisi. Ndugu zangu, msitaje ofisi wala mtu. Jopo linakusikiliza pia kama unajua kutunza siri.

Chapa_Kazi86

Dada, Mungu akubariki. Swali langu: Riggs anakosolewa kwa lipi hasa? Kila notsi ninayoisoma inaandika "amekosolewa sana" halafu inaishia hapo.

Mlimani_Juu

Mkuu, yashike haya. Kwanza, jamii zake ni za kufikirika. Huwezi kupata kipimo cha kusema nchi hii imefika kiasi gani ndani ya prizimu. Pili, ameiweka Magharibi kama mwisho wa safari, wakati sheria kuwa karatasini tu ipo Ulaya na Marekani pia. Tatu, alibuni msamiati mwingi mno, na mtawala aliyeko wilayani akiusoma hajui aanzie wapi. Halafu taja kitu ambacho wengi hawakitaji: 1973 Riggs mwenyewe alirudi kuirekebisha nadharia yake. Akasema kazi za jamii kugawanyika hakutoshi, lazima kuwe na uratibu wa kuziunganisha. Nchi inaweza kuwa na wizara na idara za kila aina na bado ikabaki kwenye prizimu kwa sababu haziongei.

Ukiweza, ongeza historia fupi. Kikundi cha Utawala Linganishi kilianzishwa Marekani 1960, Riggs akawa mwenyekiti wake, fedha zikatoka Ford Foundation, na 1973 kikavunjwa na kuunganishwa na chombo kingine. Walitafuta nadharia moja kubwa ya kueleza dunia nzima, na waliokuwa wanatoa fedha wakitaka kitu cha kutumika kazini. Hii ni sababu nzuri ya kueleza kwa nini siku hizi watu wanalinganisha nchi chache na jambo moja.

Angalizo kuhusu notsi za mtandaoni: nyingi za Riggs zimeandikwa kwa ajili ya mtihani wa utumishi wa umma wa India, ule wa UPSC, ambako Utawala wa Umma ni somo la kuchagua na Riggs yumo kwenye muhtasari. Zinaeleweka vizuri na mimi nimezitumia sana. Ila mifano ni ya kwao. Chukua nadharia, weka mfano wa kwenu, la sivyo msahihishaji anakujua kwamba umebeba.

Mpwani_wa_Kilifi

Hamjambo wenzangu. Mimi niko upande wa Kenya, nilijitayarisha kwa mahojiano ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, nafasi ya msimamizi wa wadi. Kwetu lazima ujue Kifungu cha 10 na cha 232 cha Katiba ya 2010, kwa sababu ndimo mlimo maadili na kanuni za utumishi wa umma. Lakini kilichonisaidia ni kumsoma mtumishi wa Tanzania anayefanana na mimi.

Nilikuwa na maswali matatu: nani anamwajiri, anawajibika kwa nani, na nani anaweza kumwondoa. Msimamizi wa wadi Kenya ni wa kaunti. Mtendaji wa Kata kwenu ni wa halmashauri. Kando yake, Afisa Tarafa wenu yuko kwenye mstari wa Mkuu wa Wilaya, na huku kwetu kuna naibu wa kamishna, chifu na naibu wa chifu, wote wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo nchi zote mbili zina mistari miwili inayoshuka mpaka kijijini. Wengi wanadhani ugatuzi uliuondoa mstari wa pili Kenya. Haukuuondoa.

Tofauti iko juu. Gavana anapigiwa kura, na Katiba inazihakikishia kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mkuu wa Mkoa kwenu anateuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Halmashauri pia. Ndiyo maana mvutano wa gavana na kamishna wa kaunti ni mvutano wa wakubwa wawili wenye asili tofauti za madaraka, na kwenu unakuwa wa namna nyingine kabisa. Nikiulizwa mfumo upi ni bora, mimi hujibu kwanza: bora kwa kazi gani?

Mtoto_wa_Karani

Kaka wa Kilifi umenigusa. Marehemu baba alikuwa karani wa halmashauri ya wilaya. 1972 halmashauri zilipofutwa na mpango wa Madaraka Mikoani, wa kupeleka watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani, kuingia, akajikuta mtumishi wa serikali kuu. Alikuwa akituambia dawati ni lilelile, waliobadilika ni mabosi, na diwani aliyekuwa akija kuuliza habari za barabara hakuwa na mlango tena wa kugonga. Mpango ule ulisukwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Sheria za kurudisha serikali za mitaa zikapitishwa 1982 na halmashauri zikarudi 1984.

Mimi huu ndio mfano ninaoutumia kutenganisha kusogeza watumishi karibu na wananchi na kuwapa wananchi mamlaka. 1972 tulisogeza watumishi. Wilaya ilijaa wataalamu, uamuzi ukabaki wa serikali kuu. Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili, na alama nyingi zimelala hapo.

Ulinganisho mwingine ninaoupenda ni wa mtumishi na biashara. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi, wakiwemo watumishi wa serikali wa ngazi za kati na juu, miiko: usiwe na hisa kwenye kampuni, usiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, usipokee mishahara miwili, usipangishe nyumba. Kenya, kupitia Tume ya Ndegwa ya 1971, ikamruhusu mtumishi wa umma kumiliki biashara. Nchi jirani, zote zimerithi utumishi wa Mwingereza, na zikaachana njia ndani ya miaka minne. Ukieleza sababu zake, ujamaa huku na kujenga tabaka la wafanyabiashara wazalendo kule, kisha ukafika 1991, Azimio la Zanzibar lilipoilegeza miiko ya Arusha, umeandika insha nzima bila kumtegemea mwandishi wa nje.

Songea_Mjini

Mimi nizungumzie mahojiano ya ana kwa ana. Niliulizwa: "Tuige nini kutoka Rwanda?" Nikataja imihigo, mikataba ya utendaji iliyoanza 2006, ambapo meya wa wilaya anasaini malengo mbele ya Rais na mwisho wa mwaka wilaya zinapimwa na kupangwa. Nikailinganisha na OPRAS yetu ya 2004, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi, ambayo ilikuwa makubaliano ya mtumishi na msimamizi wake, fomu inakaa kwenye jalada. Nguvu ya imihigo ni kwamba mwananchi anajua kilichoahidiwa.

Mama mmoja kwenye jopo akanibana: Rwanda ni ndogo na mamlaka yake yameshikwa sana juu, hapa itafanyaje kazi? Nikasema nisingeanza na nchi nzima. Ningeanza na kata za halmashauri moja, malengo machache, matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Nafasi nilipata.

Jamani, na vyeti. Bebeni vyeti halisi. Kuna waliojua Riggs wote wakarudishwa getini na hati ya matokeo ya muda.

Nyasa_Kaskazini

Wakuu, uzi umekwenda kuliko nilivyotarajia. Naweka swali la mazoezi, anayeweza ajibu hapahapa: 1988 Uingereza ilianza kuunda wakala za serikali. 1997 Tanzania ikatunga Sheria ya Wakala za Serikali. Linganisha.

Chapa_Kazi86

Najaribu. Kinachofanana: sera inabaki wizarani, utekelezaji unakwenda kwa mtendaji mkuu mwenye malengo anayopimwa nayo. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ilianza 1999, na TANROADS, wakala wa barabara, 2000. Kinachotofautiana ni sababu. Uingereza ilikuwa na utumishi uliokamilika, ikataka kuubana gharama na kuupa wepesi. Tanzania ilikuwa katikati ya mageuzi ya miaka ya 1990, imetoka kupunguza wafanyakazi, mishahara iko chini, wafadhili wanachangia, na wakala ilikuwa njia ya kuinua huduma bila kusubiri utumishi wote upone. Kwa hiyo kwa Mwingereza wakala ilipunguza uzito wa mfumo uliokuwepo, kwetu ilikuwa sehemu ya kuujenga upya.

Mlimani_Juu

Vizuri sana mkuu. Aya ya kwanza ongeza bodi ya ushauri ya wizara, maana sheria yetu imeiweka na jopo hupenda kuuliza inashauri nini na nani anaiteua. Kwenye sababu za Tanzania chagua wakala mmoja tu umfuate mpaka mwisho. Mimi ningemchukua TANROADS, kwa kuwa barabara kila mtu anaiona na unaweza kueleza nani alikuwa anaitunza kabla ya 2000. Rudia uandike upya, tutaisoma kesho.