Naomba ushauri: jirani yangu wa meza analamba kidole akihesabu noti

Habari zenu wakuu. Nauza viazi na ndizi za Tukuyu sokoni hapa Mbeya. Tangu korona iingie nchini Machi 2020 tumewekewa ndoo ya maji tiririka langoni, ila ikifika saa nne imekauka na sabuni imeshabebwa. Mimi navaa barakoa. Mama wa meza ya pili, ninayemheshimu kama mzazi, yake iko kidevuni, na kila akihesabu noti analamba kidole gumba. Chenji hiyo hiyo ndiyo naenda kuikopa mimi! Nikigusia anacheka: "Mwanangu, baridi ya huku inaua wadudu wote." Wateja nao wakiniona na barakoa wanadhani naumwa, wanahamia kwake. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Na wenzangu wa masoko mengine, maji ya ndoo mnachangishanaje?