Nipo mwaka wa pili, chuo hakina astronomia: nafasi ya utafiti nitaipata wapi?

fizikia_kijana

Wakuu salaam. Nasoma fizikia mwaka wa pili. Idara yetu haina hata mhadhiri mmoja wa astronomia, darubini ndiyo usiseme. Nataka nifanye utafiti kabla sijahitimu, maana kila tangazo la shahada ya uzamili ninalolifungua linauliza "uzoefu wa utafiti". Nimewaandikia maprofesa wa nje wanipokee likizo ndefu, kimya. Programu za likizo nazo nyingi nakuta ni za raia wao tu. Python naijua kiasi cha kusoma faili na kuchora grafu. Je, nisubiri hadi nipate msimamizi, au kuna kitu naweza kuanza nacho sasa? Na zile kazi za kujitolea za kuainisha galaksi mtandaoni, zinahesabika kweli?

Mzee wa Spektra

Karibu, mdogo wangu. Mimi niko upande wa pili wa hizo barua pepe. Nasimamia wanafunzi, na msimu wa maombi ukifika sanduku langu hufurika. Barua karibu zote ni moja: naipenda anga tangu utotoni, nina bidii, naomba nafasi yoyote. Hiyo "nafasi yoyote" ndiyo inayokuponza. Maana yake nikae mimi nibuni mradi, nitafute data, nikufundishe, na sijui kama wiki ya tatu bado utakuwepo. Naiacha, napanga kuijibu kesho, na kesho haifiki.

Barua ninayoijibu siku hiyohiyo ni ile iliyoambatanishwa na grafu.

Darubini usiililie. Hata sisi wengi wetu tunafanyia kazi data iliyokwisha kupigwa. Chukua Gaia, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya. Toleo lake la tatu la data lilitoka Juni 2022, lina nyota zipatazo bilioni 1.8, na halina malipo wala sharti la uraia. Anza na Kilimia (Pleiades), lile kundi la nyota. Kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, omba nyota zote zilizo ndani ya nyuzi mbili kutoka katikati ya kundi, kisha chora mwendo wao angani, mhimili mmoja mashariki na mwingine kaskazini. Utaona wingu kubwa la nyota zisizohusiana likijazana karibu na sifuri, na pembeni yake fungu dogo lililojitenga, linalosogea takriban milisekunde 20 za tao kwa mwaka kwenda mashariki na 45 kwenda kusini (sekunde ya tao ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja, na milisekunde ni sehemu ya elfu ya hiyo). Hao ndio Kilimia. Wachague, hakikisha paralaksi yao, yaani kuyumba kwao kudogo angani Dunia inapolizunguka Jua, iko karibu na milisekunde 7.4 za tao (ndiyo inayokupa umbali wa parseki 135 hivi, kama miaka ya nuru 440), halafu chora mwangaza dhidi ya rangi.

Sasa tulia, uitazame. Mstari mkuu, ambako nyota nyingi hujipanga, utauona, mwembamba na safi. Juu yake utaona mstari wa pili hafifu unaoufuata sambamba, umepanda kwa daraja 0.75 la mwangaza (magnitude). Hizo ni nyota pacha zilizo karibu mno kiasi kwamba Gaia imeziona kama nyota moja: mwanga mara mbili ni daraja 0.75, ukipiga logi utaipata. Je, pacha ni asilimia ngapi ya kundi? Je, asilimia hiyo inabadilika ukitoka katikati kwenda pembezoni? Hapo tayari una swali la utafiti. Wengine wameshaliuliza, na ni vizuri, kwa sababu utaweza kulinganisha jibu lako na lao. Makala zao utazipata bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, na kwenye ADS, orodha ya makala za astronomia, utafuatilia nani amemnukuu nani.

Ukishafika hapo, ndipo umwandikie aliyetoa makala hizo. Mistari sita inatosha: nimerudia mchoro wenu wa pili, nimepata hiki, hapa sikubaliani au sielewi, naomba dakika ishirini. Atakujibu. Sisi watu wa fani hii hatuwezi kuvumilia mtu akisema mchoro wetu haumkai akilini.

jicho_la_usiku

Nijibu hilo la kujitolea, kwa kuwa mimi ndiko nilikoanzia. Inategemea unakwenda kufanya nini. Ukibofya picha tu na kuondoka, umesaidia sayansi ila CV yako haijasogea. Faida iko kwenye majukwaa ya mazungumzo ya miradi hiyo, ambako watafiti wenyewe wanapita. Galaxy Zoo, mradi wa kuainisha galaksi, ilianza 2007, na mwaka huohuo mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akauliza lile doa la ajabu karibu na galaksi moja ni nini. Leo lina jina lake. Ile nyota KIC 8462852 iliyosumbua watu kwa mwanga wake kushuka ovyoovyo, nayo ilishikwa na macho ya wajitoleaji wa Planet Hunters, mradi wa kusaka sayari, kwenye data ya darubini ya angani ya Kepler.

Mwaka 2019 Wolf Cukier, kijana wa sekondari wa miaka 17, alikuwa kwenye mafunzo katika kituo cha NASA cha Goddard, Marekani, akipitia mifumo ya nyota pacha ambayo wajitoleaji walikuwa wameitia alama. Siku yake ya tatu akakutana na TOI 1338 b, sayari inayozunguka nyota mbili.

Mzee wa Spektra

Kweli tupu, ila kumbuka alikuwa na wasimamizi wa kuhakiki naye kazi ile. Habari za siku ya tatu zinapendeza magazetini.

Mama Parseki

Naongeza kuhusu programu, maana kijana amekata tamaa mapema. Zile za REU za Marekani (utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) zinalipiwa na mfuko wa serikali yao wa sayansi, kwa hiyo ni za raia na wakazi wa kudumu. Usipoteze jioni yako huko. Lakini LEAPS ya Chuo Kikuu cha Leiden na programu ya likizo ya ASTRON, taasisi ya astronomia ya redio, zote Uholanzi, zimekuwa zikipokea wa mataifa yote. Soma masharti ya mwaka husika, na uyasome mapema: nyingi za aina hii hufunga maombi kati ya Novemba na Februari, wakati wenzako hata hawajaanza kuwaza likizo.

Barua ya mapendekezo si lazima itoke kwa mwanaastronomia. Mhadhiri wako wa takwimu akikuona ukihangaika na makosa ya vipimo vya Gaia muhula mzima, ataandika barua nzito kuliko profesa mwenye jina asiyekujua. Mwombe sasa awe msimamizi wa mradi huo wa Kilimia, hata kama nyota hazimhusu.

fizikia_kijana

Asanteni sana wakuu. Nimeifanya ya Kilimia, na mstari wa pili nimeuona kweli! Swali: chini ya mstari mkuu, upande wa kushoto, nina vinyota kadhaa vimetawanyika. Ni vibete vyeupe, yaani mabaki ya nyota zilizokufa? Nimeshaanza kuandika barua kwa yule mtafiti.

Mzee wa Spektra

Hongera, ila barua iweke kwanza. Kilimia ni kundi changa, miaka milioni mia moja na ushei. Ni nyota nzito tu zilizopata muda wa kufa humo, na kibete cheupe kinachofahamika ndani ya kundi siku nyingi ni kimoja, LB 1497. Vyako vikiwa vingi, karibu vyote ni nyota za nyuma zilizopenya chujio lako kwa sababu paralaksi zake ni mbovu. Baki na nyota ambazo paralaksi ni angalau mara 10 ya kosa lake, uchore upya. Kisha tafuta mahali ilipo LB 1497 angani kwenye SIMBAD, hifadhidata ya nyota mtandaoni, uone kama bado imo kwenye orodha yako. Weka hapa michoro yote miwili, wa kabla na wa baada, na ule msimbo wa Python uliotumia kuchuja.