Naomba ushauri: kisigino kinauma tangu nianze sipro

Wakuu, naombeni ushauri. Nilipewa siprofloksasini (hiyo sipro, antibiotiki) miligramu 500, kutwa mara mbili, kwa ajili ya UTI. Siku ya nne nikaamka na maumivu nyuma ya kisigino, pale kwenye ile kano nene. Kushuka ngazi mpaka nishike ukuta. Ndipo nikasoma karatasi ya ndani ya boksi (nani huwa anaisoma?), nikakuta onyo la kano kukatika, hasa kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia steroidi. Na mimi natumia prednisoloni ya pumu, ambayo ni steroidi! Marekani onyo hilo lilitiliwa mkazo tangu 2008. Dozi ya leo jioni sijameza, asubuhi narudi kwa daktari. Mliopitia haya, mlibadilishiwa dawa gani? Na kisigino kilichukua muda gani kupona?